Mwalimu wa Somo, Flensburg na Dar es Salaam

Nchini Ujerumani, anayesomea ualimu wa sekondari huchagua masomo mawili ya kufundishia, sawa na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kufanana huko huishia mapema. Chuo Kikuu cha Flensburg, kilichoanzishwa mwaka 1946 kikiwa chuo cha ualimu karibu na mpaka wa Denmark, kingali kidogo kikilinganishwa na vyuo vya Hamburg au Berlin, na ualimu ndio uti wa mgongo wake. Mwanafunzi husoma shahada ya kwanza kwa miaka mitatu na ya uzamili kwa miwili, kisha huingia katika utarajali, yaani miezi 18 ya kufundisha shuleni kwa malipo, chini ya usimamizi, hadi mtihani wa serikali.

Wageni husifu urefu huo, ingawa lenye uzito zaidi ni didaktiki ya somo, yaani taaluma inayochunguza namna somo mahususi linavyofundishwa na, hasa, namna linavyoeleweka vibaya. Katika semina ya didaktiki ya hisabati, mwalimu mtarajiwa huweza kupewa daftari la mtoto aliyejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, naye hatakiwi kulisahihisha, bali kueleza mtoto amewaza nini hata akajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na ni swali gani lingemwonyesha kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo.

Dar es Salaam, anayesomea ualimu wa Kiswahili hupata fonolojia, mofolojia na fasihi katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na elimu ya ualimu katika Shule Kuu ya Elimu. Katika vyuo vingi vya nyumbani vyenye mgawanyo wa namna hiyo, kuunganisha pande hizo mbili huachiwa mwanafunzi mwenyewe wakati wa mazoezi ya kufundisha, ambapo wiki zake chache humezwa na maazimio ya kazi, maandalio ya somo na kumsubiri mhadhiri msimamizi. Hivyo huhitimu akizijua ngeli zote bila kuulizwa kwa nini zifundishwe kwa mtoto wa Tanga anayezitumia tangu utotoni, wala afanye nini na mwanafunzi wa bara anayechanganya /r/ na /l/ katika insha. Maswali ya aina hiyo ni ya kila siku kwa mwalimu wa Kidenmaki huko Flensburg, mji wenye Wadenmaki walio wachache na shule zao.

Ni kweli kwamba udogo wa chuo hupunguza masomo ya kuchagua, na kwamba mhitimu wa Kijerumani hajui adha ya sekondari ya kata, ambako mwalimu wa fizikia hukabidhiwa hisabati siku anayoripoti. Hoja kwamba didaktiki ni anasa ya madarasa madogo, hata hivyo, haina nguvu, kwa kuwa wanafunzi 80 hawafanyi makosa 80 tofauti. Makosa yao mengi huangukia katika aina chache, na mwalimu anayezitambua husahihisha rundo la madaftari kwa somo moja lililolengwa vizuri.