Gazeti nililomsomea bibi

Jana tulikuwa na semina ya uandishi wa habari za afya. Mwezeshaji katugawia vipande vya magazeti ya 2011, enzi za kikombe cha Babu wa Loliondo, shilingi 500 tu. Swali lake moja: hawa wanaosema wamepona, nani alipimwa kabla na baada? Nikapitia vyangu vitano. Hola. Wote "najisikia vizuri" tu, wakati sukari inaweza kuwa juu na mtu akajisikia fresh kabisa.

Bibi alikuwa na kisukari, macho hayaoni vizuri. Mimi, darasa la tatu, ndiye niliyemsomea gazeti. Akaenda Samunge, akarudi, vidonge akavitupa. Mwaka uliofuata akakatwa mguu.

Mwezeshaji akauliza mbona siandiki. Nikamwambia kalamu imeisha wino.