Vilima vya Mikindani Wakati wa Maua

Sisi wa Mtwara hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya, lakini tunao wakati wetu wa maua. Mvua zikianza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, nchi iliyokauka kwa miezi mingi hugeuka kijani kwa muda mfupi tu. Ndipo kikundi chetu cha akina mama wa kanisani, pamoja na watoto, hupenda kwenda kutembea Mikindani, kilometa 10 hivi kutoka Mtwara mjini.

Wengi huijua Mikindani kwa historia yake. David Livingstone alishuka huko mwaka 1866, akaanza safari yake ya mwisho ya bara kwa kuufuata mto Ruvuma. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, lingalipo. Sisi huanzia hapo asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, tukapanda kilima polepole. Ukifika juu na kugeuka, unaiona ghuba yote, minazi, na mikoko pembeni mwa maji.

Chini ya mibuyu watoto huokota maua makubwa meupe. Ua la mbuyu hufunguka jioni, popo hulijia usiku, na kesho yake huanguka. Huko mjini mikrismasi nayo imewaka nyekundu. Mti huo asili yake ni Madagaska. Na vichakani, ukitazama vizuri, utaona ua la kupendeza kuliko yote. Petali zake sita ni nyekundu zenye kingo za manjano, nazo zimepinduka kwenda juu kama ndimi za moto. Majani yake ni membamba, na ncha ya jani hujikunja kama uzi na kushika matawi ya jirani. Wataalamu huliita Gloriosa.

Hapo mimi, kwa kuwa ni muuguzi, huwaomba wote wasimame. Mmea huu ni sumu kuanzia ua hadi mzizi, na kiazi chake ndicho kibaya zaidi. Aliyekila hutapika na kuharisha baada ya saa chache. Baadaye figo na damu hudhurika, na wengine hufa. Huko Sri Lanka wako waliokichimba wakidhani ni kiazi cha kula.

Kwetu jambo hili si dogo, maana tunakula ming'oko, nayo huchimbwa porini. Mama zetu walikwenda kuchimba na binti zao, wakawaonyesha mmea kwa mmea. Siku hizi wengi wetu tunainunua mjini ikiwa imekwisha chemshwa, na mtoto hajui hata jani lake. Jani la mng'oko lina umbo la moyo. La Gloriosa ni refu lenye ncha ya kujikunja. Lakini mvua zikikatika, Gloriosa hunyauka, ua na jani hutoweka, na kiazi hubaki ardhini. Kwa hiyo wakati wa kumfundisha mtoto ni sasa, ua likiwa bado linaonekana.

Ikitokea mtoto amekula mmea usioujua, usingoje atapike. Usimtapishe kwa nguvu, wala usitegemee maziwa kuwa dawa. Chukua kipande cha mmea huo, umkimbize hospitali mara moja hata kama anacheza vizuri, maana sumu hii huchelewa kujionyesha.

Basi, mama, usiache kwenda kwa hofu. Vaeni viatu vya kufunika miguu kwa ajili ya nyoka, chukueni maji ya kutosha, na mrudi kabla ya adhuhuri. Kama bibi yupo na ana nguvu, mwombeni awatangulie. Yeye anayajua majina ambayo sisi tumeanza kuyasahau, na watoto wetu bado wanaweza kuyasikia kutoka kinywani mwake.