Kabla Ununue Maiki, Sikiza Stori ya Chemirocha

Wasee, kuna imani hapa Kericho na Bomet kwamba wimbo hauwezi kuwa wa maana mpaka upande matatu uende Nairobi, ulipie studio kwa saa. Mimi nakataa. Studio inaweza kuja kwako ndani ya begi moja, na hapa kwetu hilo si jambo geni.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyetoka Afrika Kusini, alifika Kapkatet na mitambo yake kwa gari. Hakungoja Wakipsigis wamfuate. Alirekodi "Chemirocha", wimbo uliopata jina kutoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Wasichana waliimba, kinanda cha nyuzi kikilia chini yao. Hadi leo watu wa ng'ambo wanausikiza.

Sasa hapa ndipo panauma. Rekodi zilienda kukaa Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 ikapita kabla mradi wa Singing Wells, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, kusaidia kurudisha nakala Kapkatet. Fikiria uimbe ukiwa msichana, halafu sauti yako ifike kijijini ukiwa gogo, kama bado uko hai.

Ndiyo maana kwangu begi la kurekodi si mashindano ya vifaa. Swali ni nani anabaki na wimbo.

Langu lina laptopu ya mtumba, kisanduku cha kuunganisha maiki (intafesi), maiki mbili, hedfoni za kufunika masikio na nyaya. Intafesi inapata moto kutoka kwa laptopu kupitia USB, kwa hivyo stima ikipotea tunaendelea mpaka betri ikatae. Programu ni Audacity, ya bure. Maiki ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwa intafesi, na inashika kila kitu: nyuzi, pumzi, hata ng'ombe wa jirani. Maiki ya dainamiki kama Shure SM58 haijali sana kelele za mbali, so nyumba ikiwa na watu wengi natumia hiyo.

Adui mkubwa huku ni mvua juu ya mabati. Inapenda kuja mchana, kwa hivyo rekodi asubuhi. Chagua chumba chenye godoro, blanketi na nguo, maana ukuta mtupu unarudisha mwangwi. Na usipandishe sauti mpaka igonge mwisho. Ikishapasuka hivyo, ni ngumu sana kuitengeneza.

Utaniambia studio kubwa inatoa sauti safi zaidi. Ni kweli. Lakini mzee anayepiga chepkong'o kule Sotik hatapanda matatu kwa ajili ya sauti safi, na akienda, ameenda na nyimbo zake.

Sheria yangu ni moja: sifungi begi kabla mwenye wimbo hajapata nakala kwenye simu au memori kadi yake. Faili inabeba jina lake, mahali na tarehe. Kama kuna pesa itakayoingia, tunaandika makubaliano kwenye karatasi, kila mtu anabaki na yake.

Kwa hivyo kama uko Litein, Longisa au Kapsoit na una maiki hata moja, usianze na rapa anayetafuta umaarufu. Anza na gogo wako. Halafu umwachie nakala.