Niliwapotosha kwa Neno Moja

Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa la Biblia la Jumatano jioni, niliwaambia waumini kwamba Biblia yao imechakachuliwa. Nilikuwa nimejifunza Kigiriki miezi minane tu. Niliandika ubaoni maneno ya Yohana 20:1, *mia ton sabbaton*, nikayafasiri neno kwa neno: "moja ya sabato". Basi, nikasema, Yesu alifufuka siku ya Sabato, na hiyo "siku ya kwanza ya juma" mnayoisoma ni mkono wa mtu.

Mzee mmoja, fundi seremala, akanyoosha mkono. "Mwalimu, yule Farisayo wa Luka 18:12 anayefunga mara mbili kwa juma, neno lake la 'juma' ni hilohilo?"

Nikatazama. Ni hilohilo.

"Sasa alifungaje mara mbili katika siku moja?"

Nikamwambia tutalifikia. Sikulifikia.

Usiku ule nilifungua sarufi. *Mia* ni "moja" ya jinsi ya kike, na *sabbaton* si neno la kike. Kinachohesabiwa ni *hemera*, siku, ambayo haikutajwa. Mswahili akisikia "lile la nyanya" anajua linalosemwa si nyanya, ni tenga. Tena sabato katika Kigiriki cha Biblia ni siku ya saba, na pia ni wiki nzima. Hata sikukuu ya Upatanisho, tarehe kumi ya mwezi wa saba, Walawi 23:32 inaiita sabato, iangukie siku yoyote.

Lililonichoma zaidi lilikuwa kinywani mwangu tangu utoto. Ijumaa ni siku ya kusanyiko la Waislamu. Kwa jina hilo sisi tunaita siku zote saba juma, kisha tunahesabu: Jumamosi, Jumapili. Siku tukufu imeipa wiki jina. Wayahudi walifanya vivyo hivyo na sabato, na mimi, Mswahili, nikashindwa kulisikia.

Kosa la kutojua lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba nilijua usiku uleule, nikanyamaza miezi minne kwa kulinda heshima yangu. Katika miezi hiyo kijana mmoja aliacha kusali na mama yake, akimwambia kitabu chake ni cha kughushi. Mama akanijia na Biblia imefungwa ndani ya kanga. "Mwalimu, niendelee kuisoma?"

Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya darasa, nikaandika maneno yaleyale ubaoni, nikayafasiri upya. Nilimwomba radhi mzee, kisha mama. Halafu nikamfuata kijana kwake.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Siku ile ulikuwa na uhakika, Mwalimu. Leo pia una uhakika. Nishike lipi?"

Sikumwomba aniamini. Nilimwachia sarufi yangu, ukurasa umekunjwa pembeni, asome mwenyewe.