Krita Haikuwa na Shida, Ni Vidole Vyangu

Wasee, wacha niseme kitu nimekuwa nikikificha. Kwa miaka miwili nimechora na Photoshop ya kuibiwa. Jamaa wa saiba aliniwekea kwa mia tatu, nikamshukuru kama mfadhili. Kisha laptopu ikaanza kujizima yenyewe. Fundi akasema imejaa virusi, lazima afute kila kitu.

Ndani kulikuwa na kazi ya mteja, mama fulani aliyetaka nimchoree marehemu babake kutoka kwa picha ya kitambulisho. Ilikuwa imebaki nywele tu, na kumbukumbu ya mzee ilikuwa Jumamosi. Nilimpigia nikiwa nimekaa kwa ngazi za ploti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa mwanangu, anza tena." Afadhali angenitusi.

Kulipia Photoshop kila mwezi siwezi. Nikapakua Krita, ambayo ni ya bure kabisa, hata ukiitumia kwa kazi ya pesa. Siku ya kwanza nilitaka kulia. Nashika Alt nichukue rangi ya ngozi, wapi! Krita inataka Ctrl. Nabonyeza Ctrl na D ili niachilie sehemu niliyochagua, bado iko tu. Kumbe huku ni Ctrl, Shift na A. Nikaweka kwa status kwamba vitu vya bure ni takataka. (Nimeshaifuta, msiitafute.)

Binamu yangu wa kidato cha pili akaniangalia nikihangaika, akacheka. "Brathe, programu haina shida. Ni vidole vyako vimezoea kwingine."

Akaingia Settings, akafungua Configure Krita, kisha Keyboard Shortcuts, akachagua Photoshop Compatible. Dakika moja hivi. Lakini kuna mahali wengi huachia njiani: kuchukua rangi, kuzungusha na kusogeza turubai hazikai hapo, ziko Canvas Input Settings, kwenye dirisha lile lile. Hapo ndipo nilifanya Alt ichukue rangi. Usipogusa hapo, utarudi kulia tu.

Kuna wale watasema jifunze programu ilivyo, wacha uvivu. Mimi nilikuwa na siku nne na mzee wa watu wa kuchora. Lakini si kila kitu nilibadilisha. E ya Krita niliipenda: brashi ile ile unayochora nayo inageuka kifutio, na umbile lake lile lile, kwa hivyo ukipunguza nywele hazikatiki kama zimenyolewa. Maandishi ya mabango nayo nayaweka kwa Inkscape, ambayo pia ni ya bure.

Ijumaa jioni nilimpelekea mama picha. Akaitazama kwa muda mrefu, akasema nyusi za babake zilikuwa nzito zaidi. Nikafungua laptopu palepale mezani kwake, nikashika Alt, nikachukua rangi ya nywele, nikaziongeza akiangalia.