Motokaa Kubwa kwa Fedha Kidogo: Safari ya Kasulu na Kibondo



Mtu akitoka Kasulu kwenda Kibondo hupita Makere na Mvugwe. Kushoto na kulia kwake ni vilima, migomba, mashamba ya maharage na mihogo, na ule udongo wetu mwekundu usioacha kanzu nyeupe salama. Zamani njia hii ilikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, na mwenye Land Rover ndiye aliyekuwa na hakika ya kufika. Siku hizi mambo yamegeuka. Barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, kilometa 260 hivi, iligawanywa vipande vinne ipate kujengwa kwa lami, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Upande wa Kigoma, lami ya kutoka Kidahwe hadi Kasulu ilitangulia.

Basi pamoja na lami zimekuja motokaa za namna nyingine: ndefu, za chini, zenye viti laini. Ndizo Toyota Mark II, Chaser, Crown na ndugu zao. Wengi wenu mmekwisha kuzitamani. Tena bei yake hushangaza, kwa maana mara nyingi gari kubwa la zamani huuzwa sawa na gari dogo, au chini yake. Je, ni bahati? Tutazame vizuri.

Mark II iitwayo GX100 ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1996, na GX110 mwaka 2000. Mwaka 2004 jina la Mark II likaiachia nafasi Mark X. Kwa hiyo hata ile iliyo changa kati ya hizo Mark II mbili imepita miaka ishirini. Ukiagiza gari la umri huo kutoka ng'ambo, forodha ni nzito: ushuru wa asilimia 25, kodi ya thamani ya asilimia 18, na juu yake asilimia 30 kwa sababu gari limepita miaka kumi. Ndiyo maana mwenye fedha kidogo hununua lile lililokwisha lipiwa kodi zamani na kutembea humu nchini.

Dalali naye atakuambia, “Hii ni namba D, bado mpya!” Usidanganyike. Herufi hiyo ya kibao huonyesha wakati gari lilipoandikishwa Tanzania, wala haionyeshi mwaka lilipotengenezwa. Gari la mwaka 1998 laweza kuvaa namba D. Soma mwaka katika kadi.

Sasa tupige hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Injini ya GX110 iliyo ya kawaida huku ina silinda sita, ukubwa wa sentimeta za ujazo 1,988. Tuseme gari lako lakwenda kilometa 9 kwa lita moja, na gari dogo la jirani lakwenda kilometa 15. Safari ya kilometa 90, kwenda na kurudi, wewe utachoma lita 20, yeye lita 12. Tofauti ni lita 8. Ukienda mara moja kila juma, kwa mwaka ni lita 416 zaidi. Zizidishe kwa bei ya petroli ya mji wako. Hapo utafahamu kwa nini mwenye gari anauza kwa bei rahisi: fedha aliyokupunguzia siku ya kununua utailipa pole pole kwenye pampu.

Jambo la pili ni njia ya kwenu. Lami haifiki mlangoni. Ukiiacha barabara kuu kuingia kijijini utakutana na mawe, makorongo na madaraja ya magogo. Gari hili tumbo lake li karibu na ardhi, na Mark II nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo katika matope ya mwezi wa Machi huteleza na kuzunguka. Jiwe moja latosha kutoboa sampu. Oili ikimwagika nawe ukaendelea kuendesha, injini imekufa. Kabla ya kununua, itembee kwa miguu ile njia yako wakati wa mvua.

Ukiona bado wafaa kununua, nenda kulitazama gari alfajiri, kabla halijawashwa. Gari lililokwisha pashwa moto huficha maradhi yake. Chukua fundi wako mwenyewe, usimtumie wa muuzaji. Liwashwe: moshi wa bluu maana yake linakula oili. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utelezi kama maziwa, maji yameingia ndani. Uliza mkanda wa injini, yaani taiming belti, ulibadilishwa lini. Katika injini hii hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kadi, tarakimu kwa tarakimu. Pigeni mkataba mbele ya mashahidi, kisha kadi ihamishwe kwa jina lako kwenye ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Na kama wataka kubeba abiria kwa nauli, tafuta kwanza kibali cha LATRA na bima inayostahili. Wala usijaze watu wanne mbele, kama tunavyoona kila siku.

Kubwa kuliko yote ni hili: usimalize fedha yote siku ya kununua. Ukiwa na shilingi nne, nunua kwa tatu. Moja ibaki kwa matairi, shokapu na betri. Katika vijiji vyetu zimo motokaa zilizolala chini ya miembe, kuku wakitagia kwenye viti vyake. Zilinunuliwa kwa ng'ombe na shamba, na shamba halikurudi.

Tena kumbukeni, gari la kijijini si la mwenyewe peke yake. Usiku wa mvua jirani atagonga mlango: mke wake ashikwa na uchungu, na hospitali ya Kabanga au ya Kibondo iko mbali. Saa ile hakuna atakayeuliza kama viti ni laini. Watauliza kama gari litawaka na kama petroli imo. Baba na mama, kaeni pamoja jioni, andikeni hesabu hizi katika daftari la mtoto wa shule. Zikikubali, nunueni. Zikikataa, nunueni gari dogo, au pikipiki, au ngojeni mavuno mengine.