Mankosi: Wanakijiji Waliojijengea Mtandao

Ukitoka mji wa Mthatha, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, ukashika njia ya kuelekea Bahari ya Hindi, unaingia katika nchi ya vilima vya majani. Nyumba nyingi ni za msonge, nazo hazikukusanyika mahali pamoja bali zimetawanyika vilimani, kila mji na zizi lake. Qunu, alikolelewa Nelson Mandela, si mbali na hapa. Mbele zaidi, karibu na pwani, ndiko Mankosi, makazi ya Waxhosa.

Wakati wa ubaguzi wa rangi, eneo hili liliitwa Transkei. Wanaume walikwenda kufanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Johannesburg, na akina mama walibaki na watoto, wazee na mashamba. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1994, kazi ziliendelea kuwa mbali. Msomaji mwenye mume au mtoto ugenini anajua maana yake: habari za nyumbani, karo na fedha za matumizi, vyote hungojea simu.

Lakini simu ilikuwa mzigo. Vocha zilikula fedha za unga na sukari. Tena nyumba nyingi hazikuwa na umeme, hivyo mtu alilazimika kulipa ili kuchaji simu yake.

Mwaka 2012, wanakijiji walianza kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape. Wazee wa jadi walihusishwa tangu mwanzo, na jamii yenyewe ikashiriki kuchagua nyumba za kuwekwa mitambo. Mitambo hiyo ni redio ndogo zinazopokezana mawasiliano kutoka kilima hadi kilima, zikitumia umeme wa jua. Betri zake ziliwezesha pia kuchaji simu za majirani kwa malipo madogo, na fedha hizo zikaingia katika mfuko wa pamoja.

Mwaka 2014 waliandikisha ushirika wao, wakapata pia kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo. Waliuita Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya "jifanyieni wenyewe". Baadaye ushirika ulianza kuuza huduma ya intaneti kwa bei nafuu.

Faida yake ni nini kwa mama wa kijijini? Kwanza, fedha anayookoa kwenye vocha inabaki jikoni kwake. Pili, anacholipa hakiendi chote mjini, kwa maana ushirika ni wa wanakijiji. Tatu, vijana wa hapo hapo hujifunza kupanda paa, kufunga antena, kutengeneza kilichoharibika na kutunza hesabu. Kazi hizo si nyingi kiasi cha kuwarudisha wote waliohama, lakini ni kazi zilizopatikana nyumbani. Mwanafunzi anayetafuta masomo na kijana anayetafuta nafasi ya kazi hawalazimiki kulipa nauli ya kwenda mjini kwanza.

Haya yote yanategemea uaminifu. Mtambo uliofungwa juu ya paa la familia moja hupitisha mawasiliano ya wengine. Mwenye nyumba akiupuuza, majirani wanakatika. Mtunza fedha akila mfuko, betri iliyokufa haitanunuliwa nyingine. Ndiyo maana mikutano, ingawa huchosha, ina umuhimu kama mitambo yenyewe.

Katika Kitabu cha Nehemia, sura ya 3, tunasoma jinsi ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa: wengi walitengeneza sehemu iliyokabili nyumba zao. Mstari wa 12 unamtaja Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Wanawake nao walikuwepo kwenye kazi ile.

Akina mama wapendwa, wengi wetu tumo katika vikundi vya kuweka na kukopa, vya kuzikana na vya kusaidiana shambani. Tayari tunao mtaji mkubwa kuliko fedha, yaani kuaminiana. Mkutanapo mwezi huu, ulizaneni: ni huduma gani inayotutoa fedha kila siku, ambayo tungeweza kuisimamia sisi wenyewe? Huenda ni maji, mashine ya kusaga au umeme wa jua. Anzeni na moja, chagueni mtunza fedha mwaminifu, na hesabu zisomwe mbele ya wote.